Diski Mpya, Lawama za Zamani

(Mhadhara kwa mafundi wa kompyuta, wenye steshenari na mawakala wa forodha, Tunduma)

Nimeombwa nizungumzie diski mpya inayofungwa kwenye kompyuta halafu ikagoma. Nitazungumza kama fundi anavyozungumza na fundi mwenzake, ila nitajitahidi mwenye ofisi asiachwe njiani, kwa sababu yeye ndiye anayelipa, na ndiye anayeambiwa, "Bosi, hii diski mbovu, lete hela nyingine."

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Diski mpya ikigoma, mara nyingi kosa liko kwenye kitu cha zamani kinachoizunguka: waya, betri, pawasaplai, mipangilio iliyowekwa miaka iliyopita na mtu aliyekwisha hama mji. Hicho cha zamani hatukiangalii kwa kuwa jana kilikuwa kinafanya kazi. Kipya ndicho kinachonyooshewa kidole.

Chukueni kisa cha ofisi moja ya uwakala hapa hapa Tunduma. Kompyuta yao ya mezani ilikuwa nzito, inachukua dakika nyingi kuwaka na huku madereva wamejaa dirishani wanasubiri karatasi. Fundi akawashauri watoe diski ya kuzunguka, waweke SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka. Wakaweka. Wiki ya kwanza ikawa raha mustarehe. Jumatatu asubuhi kompyuta ikawashwa, ikaleta skrini ya buluu, ikajizima, ikajiwasha, ikaleta buluu tena. Fundi akaitwa, akapiga Windows upya, mambo yakakaa sawa hadi Ijumaa. Jumatatu iliyofuata, yale yale. Diski ikarudishwa dukani, ikaletwa ya kampuni nyingine. Jumatatu, yale yale. Hapo maneno yakaanza. Muuza duka akaitwa muuza feki, fundi akaitwa kanjanja, na yeye fundi akasema umeme wa Tunduma hauwezi SSD.

Aliyepata jibu hakuanza na bisibisi. Alimwuliza dada wa mapokezi kama kuna kitu kingine, hata kidogo, kilichokuwa kinamsumbua kwenye mashine ile. Dada akasema kipo, tena cha zamani, tangu kabla ya SSD. Kila Jumatatu alikuwa akifungua intaneti anaambiwa tovuti si salama, kurasa hazifunguki, mpaka arekebishe saa na tarehe. Kompyuta ilikuwa inaamka ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa.

Watu wa Tunduma tumezoea saa kucheza. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikidaka mnara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, inajirudisha yenyewe. Mtu anaweza kuchelewa ibada ya kwanza akiwa amekaa sebuleni kwake. Nadhani ndiyo maana hakuna aliyeshtuka pale ofisini. Lakini saa iliyokosea kwa saa moja ni habari ya mpaka. Saa iliyokosea kwa miaka ni habari ya betri.

Kwenye mazabodi kuna betri ya duara, bapa, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuiendesha saa wakati kompyuta haina umeme, na kwenye mazabodi nyingi za zamani ndiyo pia inayotunza mipangilio ya BIOS, programu ya mazabodi inayoamsha kompyuta. Ofisi ile kila Ijumaa jioni ilizima swichi ya ukutani kwa kuogopa radi na umeme kurudi kwa kishindo. Jambo jema. Ila betri ilikuwa imekwisha, kwa hiyo kila mwisho wa wiki mipangilio ilifutika na BIOS ikarudi ilivyotoka kiwandani. Kwenye mashine ile, kiwandani ilitoka ikiwa inasoma diski kwa mtindo wa kale wa IDE. Windows ya kwenye diski ya zamani ilikuwa imewekwa katika mtindo huo huo, kwa hiyo mipangilio ikifutika, yenyewe haikujali. Alipofunga SSD, fundi alibadilisha mtindo kuwa AHCI, na alifanya sawasawa kabisa. Windows mpya ikazaliwa ndani ya AHCI. Jumatatu BIOS ikawa imerudi IDE, Windows ikaamka haioni diski yake yenyewe, skrini ikawa ya buluu.

Tazameni sasa fundi alipopita njia bila kuiona. Kila alipoitwa, aliingia BIOS kwanza, akakuta IDE, akaweka AHCI kwa mazoea, kisha akapiga Windows upya. Angeweka AHCI na kuwasha tu, mashine ingewaka bila kupoteza hata faili moja. Na angejiuliza kwa nini aliyoyaweka wiki iliyopita hayapo, angekuwa amemaliza kazi. Betri hizi zinauzwa na wanaotengeneza saa na rimoti za magari. Ipimeni kwa mita. Ikishuka chini ya volti 2.7 au hapo karibu, toeni. Mimi ninashauri mtu akifungua kompyuta ya mtumba kubadilisha diski, abadilishe na betri papo hapo bila kupima.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mwendo wote wa kazi. Fananisheni na mpaka wetu. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa mwaka 2019, lori linalokwenda Zambia linasimama mara moja tu, upande wa Nakonde, na maofisa wa nchi zote mbili wanalimalizia humo. Likikwama, wakala mzoefu hakimbilii kufungua turubai akakague mzigo. Anauliza limekwama dawati gani. Diski nayo inapita madawati, na yana mpangilio wake. La kwanza umeme. La pili BIOS kuitambua. La tatu Windows kuiona kama kifaa. La nne kugawanywa na kufomatiwa. La mwisho kupewa herufi, ndipo ionekane pale mnapopazoea. Mteja akisema "haisomi", bado hajasema kitu. Imefika dawati gani?

Dawati la umeme ndilo linalorukwa kuliko yote, katika mji ambao fundi wa mageti akianza kuchomelea jirani, taa zinafifia mtaa mzima. Diski kubwa ya kompyuta ya mezani inataka umeme wa aina mbili, volti 12 kwa mota na volti 5 kwa saketi. Mota ile kwa kawaida inazungusha sahani mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde, na kichwa kinachosoma kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ya nanomita chache tu. Pawasaplai iliyochoka inaweza kulisha kila kitu kingine vizuri, ila diski inapojaribu kuanza kuzunguka volti 12 inazama, diski inakata, inajaribu tena. Utasikia tik, tik, tik. Wengi wakisikia mlio huo wanasema kichwa kimekufa. Inawezekana, lakini ihamishieni kwanza kwenye pawasaplai nzima. Ikigonga hata huko, izimeni na msiiwashe tena ovyo kama ina data ya mtu, maana kichwa kibovu kila kinapopita juu ya sahani kinaweza kuikwangua zaidi.

Diski za nje za kuchomeka kwa USB zina ugonjwa wao. Zile ndogo hutumia volti 5 pekee, lakini zinapoanza kuzunguka zinaweza kuhitaji karibu ampea nzima, wakati tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500 na la USB 3.0 miliampea 900. Ukiichomeka kwenye tundu la mbele la deskitopu, kwa waya mrefu wa kununua barabarani, inagonga na kupotea. Ichomeke nyuma, kwenye mazabodi yenyewe, kwa waya mfupi uliokuja nayo. Nimeona diski nzima kabisa zikiuzwa kwa bei ya chakavu kwa sababu ya waya.

Nikiwa hapo hapo kwenye waya, kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo. Inasoma kumbukumbu ambazo diski inajiandikia yenyewe. Mstari wa 05 unahesabu sekta mbovu zilizokwisha hamishwa, C5 unahesabu zinazosubiri kuamuliwa, na C7 unahesabu makosa yaliyotokea data ikiwa safarini kati ya diski na mazabodi. Namba za 05 na C5 zikiwa zinapanda kwenye diski mpya, rudisheni dukani siku hiyo hiyo. C7 ikipanda peke yake, diski haina neno. Badilisheni waya wa data, hasa ule mwekundu uliokunjwa kwa nguvu ili mfuniko ufunge. Angalizo: namba ya C7 haishuki hata ukiweka waya mpya. Iandike kwenye karatasi, tumia mashine siku mbili tatu, rudi uone kama imeongezeka.

BIOS ikiwa haioni diski kabisa na umeme upo, kwa diski za SATA badilisha waya, badilisha tundu, jaribu kwenye kompyuta nyingine, basi. Kwa zile za M.2, zinazofanana na kipande cha RAM, kuna mtego. Tundu moja linaweza kupokea SATA tu, jingine NVMe tu, na mara nyingine diski inaingia, skrubu inakaza, kila kitu kinapendeza, lakini hazielewani. Someni kitabu cha mazabodi kabla ya kununua. Kwenye mazabodi kadhaa pia, ukijaza tundu la M.2, tundu moja au mawili ya SATA yanazimika, ndipo mteja anakuja kulalamika kwamba SSD mpya "imeua" diski ya zamani.

Sasa malalamiko ambayo siyo ugonjwa hata kidogo. Mtu amenunua diski mpya ya boksi kuongeza nafasi, kaifunga, BIOS inaiona, ila ndani ya Windows haipo. Ni kwa sababu diski mpya ni tupu tupu. Haijagawanywa wala kufomatiwa. Fungueni programu ya Windows iitwayo Disk Management, mtaikuta imekaa chini pale kama sehemu nyeusi. Itauliza mtindo wa kuigawa, MBR au GPT. Chagueni GPT isipokuwa mashine ni ya zamani sana na diski hiyo ndiyo itakayoiwasha. MBR yenye sekta za kawaida za baiti 512 haivuki terabaiti 2 na kidogo, hivyo mtu mwenye diski ya terabaiti 4 akichagua MBR, karibu nusu ya hela yake inalala pale haitumiki.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Swali lile lile, la kuandaa diski au kuifomati, Windows inaliuliza pia kwa diski yenye data iliyopata hitilafu. Haijui tofauti kati ya diski tupu na diski yenye daftari lililochanika. Ninyi mnajua, kwa sababu mnajua historia yake. Diski iliyotoka kwenye boksi, jibuni ndiyo. Diski iliyokuwa na orodha ya wakulima wa chama cha ushirika (AMCOS) kule Mbozi na kilo zao za kahawa za msimu mzima, jibuni hapana, tena ondoeni mkono kwenye kipanya. Na wale mliozoea kurudisha mafaili yaliyofutwa kwenye diski za kuzunguka, msimwahidi mteja hivyo kwa SSD. SSD nyingi zikiambiwa faili limefutwa zinasafisha nafasi ile zenyewe kimya kimya, na baada ya muda mfupi hakuna programu itakayolirudisha.

Kosa la mafundi, la mikono yetu, ni hili. Unafunga SSD mpya, unaiacha na diski ya zamani humo humo, unapiga Windows kwenye mpya. Inawaka vizuri, unalipwa, unaondoka. Baada ya miezi, diski ya zamani inakufa au mwenyewe anaitoa ampe mwanawe, na kompyuta haiwaki tena. Nini kimetokea? Programu ya kuweka Windows ilikuta kwenye diski ya zamani kuna sehemu ya kuwashia, ikaweka faili za kuwashia huko, na Windows yenyewe ikaiweka kwenye mpya. SSD inalaumiwa kwa kosa lililofanywa siku ya kwanza. Dawa yake ni kuchomoa waya wa diski ya zamani kabla ya kupiga Windows, kuuchomeka baadaye. Wanaonakili diski nzima kwenda nyingine nao wafanye hivyo: wakimaliza kunakili, wawashe mara ya kwanza na diski mpya peke yake. Zikiwashwa pamoja zina utambulisho mmoja, na Windows inaizima mojawapo.

Ukubwa nitaupitia haraka. Terabaiti 1 ya boksi inasomeka 931, na gigabaiti 500 inasomeka 465. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Hakuna aliyeiba. Ila SSD ya terabaiti 2 inayouzwa kwa bei ya flashi, hapo umeibiwa kweli: ndani ina chipu ndogo iliyofundishwa kusema uongo. Itapokea mafaili yako yote na kuyaandika juu ya mengine. Njia ya kuikamata ni kuijaza data hadi mwisho halafu kuisoma yote upya, na programu ya H2testw inafanya hivyo bure. Inachukua muda mrefu. Iacheni usiku.

Kuna na mtumba uliovalishwa plastiki mpya. CrystalDiskInfo inaonyesha saa ambazo diski imewahi kuwa kazini. Mwaka mzima bila kuzima ni saa 8,760, kwa hiyo diski "mpya" yenye saa 20,000 imefanya kazi zaidi ya miaka miwili, usiku na mchana, pengine kwenye kituo fulani cha kamera. Mtumba si dhambi. Mji huu unaishi kwa mtumba. Dhambi ni kuuuza kwa bei ya kipya. Na saa hizo nazo zinaweza kufutwa. Mwanzoni mwa 2025 waandishi wa Heise, Ujerumani, walifichua diski za Seagate zilizouzwa na wafanyabiashara kama mpya ilhali zilikwisha fanya kazi maelfu ya saa, kumbukumbu zikarudishwa sifuri. Walizikamata kwa sababu ndani kulikuwa na hesabu nyingine, ya mtengenezaji, ambayo wafutaji hawakuigusa. Kwa hiyo tazameni na mikwaruzo kwenye matundu ya skrubu na kwenye meno ya kuchomekea. Diski isiyowahi kufungwa popote haina mikwaruzo hiyo.

Wapo wanaoniambia diski zinakufa huku kwetu kwa sababu ya mwinuko, hewa nyepesi. Ni kweli diski ya kuzunguka inategemea hewa ili kichwa kielee, ndiyo maana nyingi zina kitundu cha kupumulia ambacho hamtakiwi kukiziba kwa stika ya duka. Ila diski za kawaida zinaruhusiwa kufanya kazi hadi mita 3,048 juu ya usawa wa bahari, na Tunduma haifiki hata 2,000. Wengine wanalaumu safari, zaidi ya kilomita 900 kutoka Kariakoo ndani ya buti la basi, matuta na mlima Kitonga. Diski iliyozimwa, kichwa kikiwa kimeegeshwa, inavumilia mishtuko mikubwa ikifungwa vizuri. Inayoumia ni ile inayozunguka mezani na mtu anaisukuma kwa kiwiko ikidondoka kwenye vigae. Nakubaliana nao jambo moja tu. Diski iliyofika na basi la usiku mwezi wa saba, baridi ya huku mnaijua, iacheni ipate joto la chumba kabla ya kuifungua mfuko na kuiwasha, isije ikatoa jasho.

Nimalizie na diski ya zamani, ile iliyotolewa. Msiifute siku mliyofunga mpya. Iandikeni tarehe na jina la mashine kwa kalamu ya wino mzito, mkabidhini mwenyewe aifungie kabatini mpaka diski mpya ipite angalau mwisho wa mwezi mmoja, hesabu zifungwe, ajue hakuna kilichobaki nyuma. Baada ya hapo isiuzwe hivi hivi. Diski ya wakala ina namba za TIN, nakala za hati za kusafiria na simu za watu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anayetunza taarifa hizo ndiye atakayeulizwa. Kufomati kwa haraka hakutoshi. Diski ya kuzunguka iandikwe juu yote, mwanzo hadi mwisho. SSD ifutwe kwa programu ya mtengenezaji wake yenye amri ya kufuta diski nzima. Ikiwa haiwaki na haifutiki, toboeni sahani kwa drili, na kwa SSD vunjeni vichipu vyenyewe, siyo boksi lake tu. Sahani za diski nyingi za laptopu ni za kioo na zinapasuka vipande vipande, kwa hiyo vaeni miwani kabla ya kuanza kutoboa.